Gunia la Shemeji

Fundi Mizani hakuwa mtu wa kukuuliza unaendeshaje gari. Alikupandisha kwenye mzani wa magunia, ule wa chuma wenye sahani pana, akasoma kilo zako, akaziandika kwa chaki ukutani, kisha akakwambia ukakae kwenye benchi na ufunge mdomo. Ndiyo maana wakampa jina hilo. Jina alilopewa na wazazi wake lilibaki kwenye leseni ya gereji tu, na wateja wengine walidhani leseni ile ni ya mtu mwingine.

Kazi yake ilikuwa moja, stabilaiza, na hapo hakuwa na mpinzani. Wasiojua magari wasiogope, si jambo gumu. Chini ya gari, mbele na nyuma, kuna fimbo ya chuma iliyopindwa, inayoshika gurudumu la kushoto kwa mkono mmoja na la kulia kwa mkono mwingine. Gari likiingia kona na kutaka kulala upande, fimbo hiyo inajinyonga na kukataa. Mwisho wa kila mkono kuna matundu matatu. Tundu la ndani linaifanya fimbo kuwa ngumu, la nje linailainisha, na la katikati, alisema Mizani, ni la watu wasiojijua. Ukikaza nyuma, mkia wa gari unakuwa mwepesi kuchomoka na dereva mwenye papara anafurahi. Ukikaza mbele, pua inakuwa nzito na dereva mpole anafika kwake salama. Aliamini kwamba mtu anaweza kukudanganya kuhusu umri wake na mshahara wake, lakini ukimpa usukani kwa kona tatu ameshajitaja mwenyewe.

Lakini matundu ni nusu tu ya kazi. Mikono ya fimbo inaungwa na magurudumu kwa vijiti vifupi viitwavyo linki, na linki hurefushwa au kufupishwa kwa kuzungushwa. Ukizifunga wakati kiti cha dereva ni kitupu, basi dereva akikaa fimbo inajinyonga kabla gari halijaondoka. Gari la namna hiyo lina sura mbili, kona za upande mmoja linakutii na za upande wa pili linakusaliti. Kwa hiyo linki hufungwa dereva akiwa ndani, ametulia. Sasa nitafutie dereva anayetulia. Mmoja anajikuna, mwingine anapokea simu, wa tatu anachungulia nje kukufundisha kazi yako. Mizani akawachoka. Akaanza kuwashonea magunia.

Kila dereva wake wa kudumu alikuwa na gunia la mchanga, refu na jembamba, lenye uzito wake kamili, la kukunjika kiunoni ili liweze kukaa kitini. Yalikuwa kumi na manne, na yaliketi kwenye benchi refu ndani ya stoo, migongo ukutani, kila moja na namba ya chaki juu yake pale ambapo kichwa kingekuwa. Mteja mpya akichungulia stoo alirudi nyuma hatua moja. Mizani aliyasalimia kila asubuhi anapofungua mlango, na akiulizwa alisema ni utani, lakini hakuna siku aliyosahau.

Alikuwa na sheria mbili. Ya kwanza, bolti ya mwisho ya linki lazima iingie kwa vidole viwili. Ukiigonga kwa nyundo itaingia, ndiyo, lakini umelidanganya gari. Ya pili, dereva akiacha kuendesha, au akifa, gunia lake linamwagwa siku hiyo hiyo, mchanga unarudi kwenye fungu uani. Alishamwaga manne bila kupepesa macho. La tano kutoka mlangoni lilikuwa la shemeji yake, na shemeji alikuwa na mwaka na miezi miwili kaburini. Gunia bado lilikuwa limeketi.

Shemeji alimuoa dada yake mdogo Mizani, na alikuwa mteja wake wa kwanza na mkaidi kuliko wote. Kazi yake ilikuwa kusambaza mikate. Kiwanda kilikuwa chini ya mlima, maduka yalikuwa juu, na katikati palikuwa na kona thelathini na moja alizozijua kwa namba zake. Alikuwa na gari refu jeupe lenye mlango mkubwa wa nyuma, na aliliendesha kwa mkia. Aliingia kona, akaachia mafuta kidogo, mkia ukazunguka, na pua ikaelekea anakotaka. Kwa hiyo nyuma alifungiwa tundu la ndani, mbele la nje kabisa. Kilo themanini na nne. Kona ya kumi na saba, inayokunja kushoto, ndipo paa la gereji linapoonekana huko chini, na kila alipofika hapo aliinua vidole viwili kwenye usukani kumsalimia Mizani, ambaye hakuweza kumwona. Mizani alimwambia anapoteza vidole viwili mahali anapohitaji kumi. Shemeji akacheka hadi akashika mbavu.

Kila mwaka Mizani aliwapima watu wake upya. Mwaka ule wa mwisho shemeji alifika amevaa sweta mbili na koti juu yake, jua linawaka, akakataa kupanda kwenye mzani.

"Shemeji, mimi ni yule yule," alisema. "Weka gunia lako ufanye kazi, mikate inapoa."

Mizani naye akacheka. Hilo ndilo lililomla baadaye, kwamba alicheka. Siku hiyo mgongo ulikuwa unamsumbua, na shemeji mwenyewe akajitolea kulileta gunia kwa kigari na kulitelezesha kitini. Bolti ikaingia kwa vidole viwili. Wiki tatu baadaye, saa nne asubuhi, barabara kavu, gari jeupe lilifika kona ya kumi na saba na halikukunja. Halikupinduka wala kugonga mtu. Lilikwenda moja kwa moja mtaroni na kusimama, pua imebonyea, yeye ndani.

Hospitalini walihitaji mtu wa kusaidia kumhamisha marehemu kutoka kitanda kimoja hadi kingine, na Mizani akajitokeza. Alijiandaa kwa kilo themanini na nne. Akamnyanyua, nusura aanguke chali. Mikono iliyopima watu kwa miaka thelathini haikuhitaji kusomewa: sitini, labda sitini na moja. Pale pale akajua alichofanya. Alilifunga gari kwa ajili ya mtu ambaye hakuwepo tena. Zaidi ya kilo ishirini za uongo upande wa kulia, na kona iliyomchukua ilikuwa ya kushoto.

Hakumwambia mtu. Mazishi yakapita, gari likapelekwa kwa fundi mwingine likanyooshwa bodi, na kwa kuwa chini halikuumia hakuna aliyegusa stabilaiza. Mizani akaanza kuwa na shughuli nyingi kila dada yake alipomwalika. Kuhusu gunia alijiambia atalimwaga Jumamosi, na Jumamosi zikapita moja baada ya nyingine. Lakini kulimwaga kulikuwa kama kufuta ushahidi, na Mizani alikuwa na makosa mengi lakini si mwizi.

Sasa kiwanda kikampa kazi binti wa marehemu. Alikuwa ameendesha miezi miwili aliposimamisha gari jeupe mbele ya gereji, adhuhuri ya Jumanne, harufu ya mikate bado imo ndani. Alikuwa binti mtulivu wa miaka ishirini na mitatu, aliyezungumza polepole, na alipomwamkia mjomba wake alitazama magurudumu badala ya uso wake.

"Mjomba, kona za kushoto kuna mtu anakaa," alisema.

Mizani alimuuliza anakaa wapi, kiti cha nyuma au cha abiria.

"Hapa hapa nilipokaa mimi."

Akaeleza bila kupaza sauti. Kona za kulia gari halina neno. Za kushoto, anapoanza tu kukunja, upande wake unashuka ghafla, kama kitanda kinavyoshuka mtu mzito akikalia ukingo wake, kisha mkia unachomoka. Mara mbili magurudumu ya nyuma yameshagusa mchanga wa pembeni, na sehemu nyingi pembeni ya barabara ile hakuna hata mtaro wa kukushika hadi chini. Mizani alitaka kumwelekeza kwa fundi mwingine. Binti akasema ameshakwenda kwa wawili, na wote wamemwambia aliyelifunga ndiye alifungue.

Wakapanda mlima pamoja. Mizani alikaa kiti cha abiria akafumba macho, maana ndivyo alivyomsoma dereva. Kufikia kona ya tano alishamjua mpwa wake. Anashika breki mapema, anakata usukani mara moja na haurekebishi, anaachia mafuta akiogopa. Mtu wa hivyo kumpa nyuma iliyokazwa kwa tundu la ndani ni kumtakia mabaya, kwa sababu akiachia mafuta katikati ya kona mkia lazima uje. Hiyo ilikuwa habari ya kawaida, na siku hiyo kona za kushoto za mwanzo zilipita bila neno, Mizani akaanza kupumua. Kona ya kumi na saba, gari likashuka upande wa kulia.

Lilishuka kwa uzito anaoujua. Kiti cha dereva kililia ule mlio wa springi zake, uliokuwa umekaa kimya njia nzima chini ya binti mwepesi, na gari likaingia kona kwa mkia, kwa raha, kwa mtindo ambao hakuna aliyeutumia tena duniani. Mizani alifumbua macho. Mpwa wake alikuwa peke yake kitini, uso umemkauka, na mkono wake wa kulia ulikuwa umeinua vidole viwili juu ya usukani. Walipotoka konani alimuuliza ameinua vidole kumsalimia nani. Binti akautazama mkono wake. Alisema hakuinua kitu.

Basi hofu ilimshika Mizani, sisemi ilimgusa, ilimshika. Lakini fundi akiogopa anarudi kwenye anachokijua. Alimpima binti, kilo hamsini na saba, akamwambia arudi kesho, akafunga lango. Kabla ya kubadilisha chochote alitaka kuisikia hukumu yake mwenyewe. Aliliingiza gari juu ya shimo, akalitoa gunia la tano kwenye benchi, akalisukuma kwa kigari na kulitelezesha kitini kama siku ile. Akashuka shimoni, akafungua nati ya linki ya nyuma. Bolti ikamdondokea kiganjani yenyewe. Ilikuwa sawa kabisa na gunia, hakuna hata chembe ya ubishi. Basi ndiyo hivyo, alijisemea, gari lilifungwa kwa gunia hili, na gunia hili ni kilo themanini na nne. Nimemuua mume wa dada yangu.

Alipanda kulitoa. Kigari kilikuwa kimebingirika mbali, naye hakuwa na moyo wa kukifuata, akalikumbatia gunia na kulinyanyua. Akayumba nyuma hadi akagonga meza ya spana.

Alikujua kuyumba kule, kulikuwa kwa hospitalini. Alilibeba gunia hadi kwenye mzani. Mshale ulipanda, ukatikisika, ukatulia kwenye sitini na moja. Ukutani, kwa mkono wake mwenyewe, chaki ilisema themanini na nne. Aliligeuza gunia kutafuta tundu, akapapasa sakafu ya stoo, akalikagua benchi. Hapakuwa na mchanga popote. Kisha akaona mshono. Mizani alishona magunia yake kwa uzi mweusi, hatua ndefu za mtu asiye na subira. Chini ya gunia hili, kwa urefu wa kiganja, palikuwa na uzi wa bluu, hatua fupi fupi, nadhifu. Uzi wa bluu ndio unaofungia magunia ya unga kiwandani.

Hakusubiri kesho. Alikwenda kwa dada yake na mikono michafu, akamkuta mezani jikoni anachambua mchele, akamwambia yote, kuanzia sweta mbili hadi kitanda cha hospitali. Dada yake hakulia. Aliendelea kuchambua mchele kwa muda, kisha akasukuma sinia pembeni.

"Mwaka mzima unatukwepa, kaka. Nilidhani umetuchoka."

Akainuka, akarudi na kopo la vifungo, na chini ya vifungo palikuwa na kadi ya kliniki. Aliipata baada ya mazishi. Marehemu alikuwa akienda kliniki miezi minane bila kumwambia mtu, na kila alipokwenda walimpima. Themanini, sabini na nne, sabini. Wiki ile aliyopeleka gari gereji, sitini na tano. Daktari alimwambia mjane kwamba moyo ulikuwa umechoka, na hakuna anayeweza kusema ulisimama kabla ya kona au baada yake. Dada naye hakumwambia mtu. Aliona haya kwamba alilala kitanda kimoja na mtu anayeyeyuka, akadanganywa na sweta.

Mizani aliuliza kuhusu uzi wa bluu. Dada yake alifumba macho.

"Jioni moja alikaa hapo ulipokaa, anajaribu hatua zake kwenye kipande cha gunia. Nikamuuliza anashona nini. Akasema anampunguzia Mizani nguo. Nilidhani ni utani wake tu."

Kila mmoja alikuwa na nusu yake aliyomficha mwenzake. Kumbe shemeji aliingia stoo siku moja Mizani hayupo, akakata gunia lake, akamwaga mchanga hadi ulingane naye, akalishona. Asingeweza kuwaambia watu kwamba anaisha. Lakini hakutaka gari lidanganywe. Mizani alihisi kifua chake kikifunguka, akalia machozi ya furaha mbele ya mdogo wake bila aibu. Hakumuua. Gari lilifungwa kwa uzito wa kweli.

Alipokuwa njiani kurudi ndipo hesabu ikamrudia. Siku ya kufunga gari, shemeji alikuwa na sitini na tano. Siku aliyomnyanyua hospitalini, sitini na moja. Uzi wa bluu ulishonwa mara moja tu na haukuguswa tena. Gunia limepungua kilo nne zaidi likiwa limeketi benchini, mlango umefungwa, mchanga haujamwagika hata punje. Na bolti, ambayo haisamehe hata kilo mbili, ilikuwa imelifuata gunia. Machozi yakamkauka usoni.

Asubuhi yake mpwa wake alikaa kwenye benchi la wateja, mikono mapajani. Kesho yake mikate ilipaswa kupanda, na kiwanda kilishamwambia asipokuwa na gari atatafutwa mwingine. Mizani alifanya kazi taratibu kuliko kawaida yake. Nyuma akahamisha linki hadi tundu la nje, ili mkia utulie hata binti akiachia mafuta. Mbele akaweka la katikati, pua isimkimbilie nje ya kona wala isimshtue. Akamweleza kila hatua, jambo ambalo hakuwahi kumfanyia mteja. Kisha akashona gunia jipya la kilo hamsini na saba, akalikalisha kitini, akashuka shimoni kufunga linki ya mwisho.

Bolti ilikataa. Hilo ni la kawaida, alizungusha linki, akairefusha kidogo, bolti ikateleza vizuri. Akageuka kuchukua nati. Aliporudi, tundu la linki na tundu la fimbo yalikuwa yameachana upana wa kidole. Akarekebisha tena. Akageuka, yakaachana tena. Mara ya tatu hakugeuka. Alisimama akitazama, tochi mkononi, na akaona upande wa kulia wa gari ukishuka taratibu juu ya kichwa chake, springi ikijikunja kwa mlio mdogo, kama inavyojikunja mtu akifungua mlango na kukaa.

Alipanda juu. Kitini palikuwa na gunia la binti peke yake. Akalitoa. Gari halikuinuka. Alipima kwa futi kutoka sakafuni, kushoto na kulia, mara mbili, kiti kikiwa kitupu kabisa, na upande wa kulia ulikuwa chini.

"Amekaa, Mjomba?" binti aliuliza.

Mizani aliweka futi chini. Alirudisha gunia la binti kitini, akachukua nyundo, akashuka. Pigo moja lingetosha. Bolti ingeingia, gari lingeondoka, mpwa wake angebaki na kazi, na hakuna fundi hapa duniani ambaye angejua. Aliishikilia nyundo hadi kiganja kikalowa. Kisha akaiweka sakafuni polepole, akaiacha bolti imelala kwenye mdomo wa tundu, akaenda kumpigia dada yake simu.

Dada alifika alasiri. Hakwenda kwenye gari, alikwenda stoo. Alipita gunia la kwanza, la pili, la tatu, la nne, akakaa benchini pembeni ya lile la tano, akaliegemea begani. Gunia likainama kidogo kwake, kama mchanga unavyoinama ukisogezwa. Mizani na binti walisimama mlangoni.

Mizani alimwambia sheria ya pili, kwamba gunia hili lilipaswa kumwagwa siku ile ile, na kwamba kosa ni lake. Alimwambia aliyekaa ndani ya gari anakaa kwa sababu gunia lake bado limeketi. Aliona maneno yake ni ya kichaa wakati yanatoka, lakini hayakuwa na mbadala.

"Niachie hili tu," dada alisema. "Nguo zake nimegawa. Hili lina uzito wake, kaka. Nikiliegemea, ni yeye."

Mjane alikaa vile dakika nyingi, mkono wake ukipapasa uzi wa bluu huku na huku. Hatimaye aliuliza itakuwaje bolti ikigongwa kwa nyundo.

"Itaingia," Mizani alisema. "Lakini kona za kushoto gari litakwenda anakotaka yeye."

Dada alimtazama binti yake, aliyekuwa ameegemea mlango na sare ya kiwanda mwilini, jina la baba yake bado limeshonwa mfukoni kwa sababu hawajampa mpya. Akaomba mkasi.

Walilibeba gunia uani, wote watatu, ingawa mtu mmoja angetosha. Dada alipiga magoti akakata uzi wa bluu, hatua moja moja, bila kugusa uzi mweusi hata mmoja. Mchanga ulitoka kwa sauti ndogo ya kupumua, ukachukua muda mrefu kuliko kilo zake, na gunia likalegea mikononi mwao kutoka miguuni kupanda kifuani hadi likawa kitambaa tu. Dada alilikunja mara nne, akalipakata. Mizani alimshika mabega kwa mara ya kwanza tangu mazishi.

Ndani ya gereji, chini kwenye shimo, chuma kiligonga chuma mara moja.

Mizani alishuka na tochi. Gari lilikuwa limeinuka upande wa kulia, limekaa sawa chini ya binti wa mchanga wa kilo hamsini na saba. Bolti aliyoiacha kwenye mdomo wa tundu ilikuwa imeingia hadi shingoni. Hakukuwa na vidole viwili vilivyoisukuma, isipokuwa kama ni vya shemeji mwenyewe. Mizani alikaza nati.

Alhamisi mikate ilipanda. Saa tano mpwa wake alirudi, akazima gari mbele ya lango, akabaki ndani na vioo vimefungwa. Mizani alimwendea, akafungua mlango, akamuuliza habari za kona za kushoto.

"Limekuwa zuri, Mjomba," alisema. "Kumi na saba nimepita kama barabara imenyooka. Hakuna mtu." Kisha akainamisha kichwa kwenye usukani akalia kwa sauti, kilio cha mtu aliyezika jana, na Mizani akasimama mlangoni mwa gari bila kujua aweke wapi mikono yake.

Siku hizi, ikifika saa nne, Fundi Mizani anaacha kazi yoyote aliyonayo na kutoka uani, pembeni ya fungu la mchanga. Anatazama juu mlimani mahali ambapo kona ya kumi na saba inapaswa kuwa. Haoni gari, hata macho yake yakiwa mazuri kiasi gani. Anainua vidole viwili, anahesabu hadi kumi, kisha anarudi ndani.